Nilivyokwenda Kumkagua Bi Kidawa

Leo nimeadhirika.

Si kuadhirika kwa kuteleza sokoni, mtu ukainuka ukajipangusa ukaenda zako. Nimeadhirika kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu wazima, shambani kwa watu, na baada ya hapo nikaogeshwa. Ndiyo. Nimeogeshwa, mimi Zena, mama wa watoto wanne, na maji yakawa yanahesabiwa kwa sauti.

Nawaandikia nyote watatu barua moja, Salma, Tatu na Mwajuma, kwa sababu sina nguvu ya kulisimulia jambo hili mara tatu. Msomeeni Tatu polepole, maana yeye huanza kucheka kabla ya wakati. Nyinyi mliosimama nami nyuma ya kaunta ya duka la ushirika mnanijua. Mimi si mtu wa kukubali kosa upesi. (Lile gunia la sukari lililolowa bado nasema si mimi.) Leo nimekubali bila kusukumwa.

Duka lilipofungwa, nyinyi mkaenda Dar, mimi nikabaki hapa Kibiti na meza ya mitumba karibu na stendi. Sasa pale stendi kuna mama ntilie, na kwa mama ntilie kuna mifupa, na penye mifupa mbwa hawakosi. Wakawa wanalala chini ya meza yangu. Wengine wamepigwa mawe, wengine wamemwagiwa maji ya moto, masikio yamejaa kupe. Nikaanza kuwatoa kupe kwa hasira tu, ili wasinikimbizie wateja. Moyo ukaingia humo humo, sijui hata siku gani. Sasa nawaweka uani, nawatibu, nawafunga mikanda ya mitumba shingoni, halafu nawatafutia watu.

Mume wangu, Baba Rehema, alitoa sharti moja: humu ndani hawaingii. Hawajaingia. Nina gauni la mbwa, nina ndoo ya mbwa, nina udongo wangu mkavu kwenye kopo, na kila jioni najitwaharisha kwa maji mara saba, mojawapo na udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, kabla sijagusa sufuria ya mtu. Watu wananiita Mama Mbwa. Zamani nilikuwa nanuna, sasa naitika.

Lakini kuokota mbwa si kazi. Hata mlevi anaweza kuokota mbwa. Kazi ni kumpatia mtu wa kuishi naye, na hapo mimi ni mkali! Nina daftari lenye maswali kumi na manne. Anayetaka mbwa kwangu anayajibu yote, na anapoishi napakagua kwa macho yangu. Na mbwa mwenyewe haingii kwenye ukaguzi. Anasubiri mbali mpaka mtu afaulu, asije akapazoea mahali halafu nikamnyima. Mwenye nyumba ya wageni kule Ikwiriri alifaulu mara ya pili. Mwenye mashine ya kukoboa nilimwangusha, kwa sababu alicheka kwenye swali la nne. (Swali la nne: ukiwa na hasira unampiga nani?)

Sasa wiki hii mambo yalibana. Kuna mbwa mwenye kichaa ameuma watu, na bwana afya akapita na kipaza sauti akitangaza siku, nayo ndiyo kesho: mbwa yeyote asiye na mwenyewe anapigwa risasi. Nikamfuata mbio. Nikamwuliza, na hawa wangu je? Akanijibu kwa adabu zote.

"Mama Zena, wewe ni mlezi. Mimi naandika mwenye mbwa. Kila mbwa na mtu wake, kwa jina."

Nilikuwa na watano. Kufika jana jioni nimetoa wanne. Akabaki jike mmoja wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha, nimempa jina la Faraja ingawa sijawahi kumwona amefurahi. Anakula, anakwenda kulala karibu na lango, uso nje. Miezi miwili hivyo hivyo. Watu walikuja wakamtazama wakasema huyu mbwa ana msiba, atalinda nini huyu? Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu kwamba nimebakiwa na siku moja tu, na ikiisha hiyo yule mbwa anakufa.

Alfajiri akapita Athumani, kijana wa makamo anayebeba abiria kwa baiskeli kati ya hapa na Mahege. Akaniambia kuna bibi mmoja bondeni, ng'ambo ya Mahege, anaitwa Bi Kidawa. Ana shamba la mpunga, yuko peke yake, ngedere wanamtesa mchana, nguruwe wanamtesa jioni, na hana mbwa.

"Na macho yake hayaoni vizuri," akasema. "Yule ukimpa mbwa umempa macho."

Moyo wangu ulipiga! Nikamwosha Faraja kwa sabuni, nikamvalisha mkanda mwekundu wenye bizimu inayong'aa. Mimi nikavaa gauni langu la Idi, lile la lesi. (Msiniulize kwa nini. Mkaguzi hawezi kwenda amejifunga khanga mbili za kupikia.) Nikapanda nyuma kwenye keria, kamba ya mbwa mkononi, Faraja anakimbia pembeni.

"Mama Zena, kamba isiniguse."

"Haikugusi."

"Ina mate hiyo."

"Athumani, endesha!"

Tulikwenda vizuri mpaka njia panda ya Mahege, pale magari yanapopakia. Mara Faraja akabadilika. Akaanza kuvuta. Akalia, akavuta tena, nusura aniangushe. Miezi miwili sijamwona hata akitembea haraka, leo ananivuta mimi na Athumani na baiskeli yake!

"Maskini, anaogopa," nikasema. "Hapa ndipo nilipomwokota. Amekumbuka mateso."

"Au anapajua," Athumani akasema.

"Wewe unajua habari za mbwa?"

"Sijui, mama."

"Basi endesha."

(Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi ya kwanza ya kunyamaza. Sikuitumia.)

Tukafika ukingoni mwa bonde. Mpunga umeanza kupiga njano upande wa juu. Upande wa chini, kuelekea mtoni, ni tope na mabua yaliyolala, nguruwe wamepita humo. Katikati limesimama dungu la Bi Kidawa, kibanda cha makuti juu ya nguzo ndefu, na ngazi ya miti. Huko juu ndiko anakolala msimu mzima akilinda. Chini ya dungu linaning'inia debe kuukuu la kufukuzia wanyama. Nikamwambia Athumani anishikie mbwa, kwa ile kanuni yangu. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Mimi? Ng'o! Nina udhu."

Basi nikamfunga Faraja kwenye keria ya baiskeli, baiskeli tukaiegemeza kwenye mkorosho. Athumani akaenda kukaa kwenye mkorosho mwingine kabisa. Nikashuka na daftari langu.

"Hodi dunguni!"

"Karibu."

Alikuwa amekaa chini, kivulini, anapepeta mchele. Mzee, mwembamba, jicho moja limefunga ukungu na la pili linaelekea huko. Alikuwa na majirani wawili wa shamba la pili, Bi Somoe, mwanamke wa makamo, na mkwe wake, mke wa mtoto wake. Nikaamkia, shikamoo, marahaba, habari za hapa, nzuri. Nikapewa kinu kilichofudikizwa nikakalia. Maji nikapewa.

"Bibi, nimekuja kwa habari ya mbwa," nikasema. "Mbwa wa kukulindia mpunga. Natoa bure, ila kwanza kuna maswali."

"Bure ina maswali?" Bi Somoe akauliza.

Nikafungua daftari.

"Atakula nini?"

"Ninachokula mimi," Bi Kidawa akasema.

"Atalala wapi?"

"Hapa chini. Mimi juu, yeye chini. Nikikohoa ananisikia."

Nikaandika. Nikafurahi, jamani, nikaona huyu anafaulu kabla ya adhuhuri, kesho Faraja haguswi na mtu. Nikauliza swali la tano, umewahi kuwa na mbwa?

Akaacha kupepeta.

"Nilikuwa naye. Tangu mume wangu afariki nilikuwa naye."

"Yuko wapi?"

"Alinikimbia."

Sasa sikilizeni. Mtu mwingine angesema pole. Mimi nikaweka kalamu chini. Nikavuta pumzi. Nikaanza kumfundisha mwanamke mwenye umri wa kunizaa.

"Bibi, mimi kazi yangu ni hii. Mbwa hamkimbii mtu bure. Mbwa anakaa na mtu maskini, anakaa na mgonjwa, anakaa na mlevi. Ukiona mbwa amemkimbia mtu, ujue ameona kitu kwa mtu yule."

"We mama, taratibu," Bi Somoe akasema.

"Ngoja nimalize."

"Mwache amalize," Bi Kidawa akasema. Kichwa ameinamisha kwenye ungo. "Hata mimi nimejiuliza hivyo hivyo. Labda nilimkosea. Siku ile nilimrushia madongoa."

"Unaona?" nikasema. Wallahi nilisema hivyo. Nilisema "unaona", na kidole nikakinyoosha.

Yangeishia hapo ningeweza kuishi nayo. Lakini nikaona darasa bado halijakolea, lazima nitoe mfano. Nikamtolea mfano wa Faraja.

"Nina mbwa pale juu," nikasema. "Nilimkuta njia panda, magari yanapopakia. Mbavu nje. Amekaa pembeni ya barabara anakodolea kila gari linalosimama. Siku ya kwanza nikapita, nilikuwa nafuata marobota. Siku ya pili nikapita, yupo. Siku ya tatu nikasema hapana. Nikamfunga kamba, akakaza miguu hataki, nikamburuta. Alivyoteswa yule, hata mkono wa kumsaidia anauogopa! Kuna mtu alimfikisha pale, akamtupa, akapanda gari akaenda zake kustarehe. Mtu wa namna hiyo hana utu. Nikimpata mtu huyo, nitamwambia mbele ya watu!"

Bi Kidawa ameinua uso, ananitafuta kwa lile jicho lililobaki.

"Njia panda ya Mahege?"

"Hiyo hiyo."

"Lini, mwanangu?"

"Mwezi wa Mfungo Sita ulikuwa umeandama juzi yake."

"Sikio lake moja..."

Hakumaliza. Mkwe wa Bi Somoe alipiga ukelele. "Ngedere hao!" Kundi zima limeingia mpungani upande wa juu, wakubwa kwa wadogo, wanakwanyua mashuke kwa mikono miwili. Bi Kidawa, kwa mazoea tu, akainuka, akachukua fimbo, akaligonga debe. Bam! Bam! Bam!

Nikasikia kengele ya baiskeli.

Nikageuka. Kule juu baiskeli inakuja yenyewe. Haina mtu. Inateremka bondeni imelala ubavu, inarukaruka, inalia kengele, na mbele yake Faraja, masikio nyuma, anakimbia kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mbwa wala kwa basi la Ikwiriri. Na nyuma ya baiskeli Athumani, kanzu ameikamata kwa meno, "Baiskeli yangu! Jamani baiskeli yangu!"

Mimi nikajiona shujaa. Nikasimama katikati ya njia, mikono nimetanua, nikaita, "Faraja! Faraja, simama!"

Hajawahi kuwa Faraja, na hakusimama. Akapita kushoto kwangu, baiskeli ikapita kulia. Kamba ikanikuta magotini. Nilipaa. Katika kupaa nikashika kitu cha kwanza nilichokiona, na kitu hicho kilikuwa mbwa. Tukaanguka wote tumekumbatiana, uso wangu ndani ya tope, gauni la Idi limefunika kichwa. (Gagulo lilikuwepo. Nawaambia mapema, maana najua Mwajuma atauliza.) Nilipoinua uso kuvuta pumzi, ulimi wa mbwa ukapita kutoka kidevuni mpaka kwenye paji. Kisha akajinasua, kamba ikakatika kwenye keria, akaenda zake kazini.

Nasema kazini kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakubweka ovyo. Aliwazunguka wale ngedere kwa chini, akawakata njia ya kurudi kwenye mpunga, akawasukuma mpaka msituni, mmoja mmoja, bila kukanyaga jaruba. Lile shamba analijua. Mimi nimekaa kwenye tope namtazama.

Akarudi amelowa chapachapa. Akanipita kama kisiki. Akaenda mpaka kwa Bi Kidawa, na yule mbwa ambaye miezi miwili hakutikisa mkia kwangu akaanza kutetemeka mwili mzima. Akalala juu ya miguu ya yule bibi. Akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Fimbo ikamponyoka bibi mkononi.

"Tumebaki," akasema. "Tumebaki, ni wewe?"

Ndilo jina lake. Alimpa siku alipomaliza eda ya mumewe. Athumani akafika, gurudumu la mbele mkononi. Kisha Bi Somoe akanigeukia. Akanitazama kuanzia kwenye lesi mpaka kwenye tope.

"Mama mkaguzi," akasema. "Si ulisema ukimpata huyo mtu utamwambia mbele ya watu? Watu ndio sisi. Mwambie, umempata."

Nilikuwa na tope mdomoni. Nikalitema.

Bi Kidawa akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mbwa, kiganja kizima, akakiacha hapo. Mkwe akashtuka. "Bibi, huyo amelowa!"

"Nitajitwaharisha. Maji yapo," akasema. Kisha akaelekeza uso nilipokuwa. "Na huyo mgeni naye ajisafishe. Adhuhuri inakaribia, hawezi kurudi njia yote hiyo na mate ya mbwa usoni."

Nikasema nitafanya nyumbani. Bi Somoe akasema haiwezekani. (Nadhani yeye hakuwa anafikiria swala tu.) Wakaniketisha kwenye kile kile kinu cha ugeni. Mkwe akaleta ndoo, Bi Somoe akaleta udongo, na Bi Kidawa mwenyewe, nilimwomba asifanye, akashika kata. Athumani akaambiwa atazame pembeni.

Maji ya kwanza yakapita na udongo. "Moja!" mkwe akahesabu, kwa sauti ya kuita watu wa mashamba ya jirani.

"Nilikuwa na binti," Bi Kidawa akasema, na maji yanamiminika. "Mmoja. Aliolewa Maparoni, huko visiwani."

"Mbili!"

"Ikaja habari anaumwa, niwahi. Nikaenda kupanda gari pale njia panda. Huyu akanifuata. Nikamwambia rudi ukalinde, hataki. Nikamrushia madongoa ndipo akarudi nyuma kidogo. Gari likaondoka, sikumwona tena."

"Tatu!"

"Nikapanda mtumbwi. Nilifika asubuhi, alasiri tukamzika."

Mkwe akasahau kuhesabu. Kata ikasimama hewani. Mimi nikainua uso, maji yananichuruzika machoni, nikasema, "Pole, mama." Akasema, "Tumeshapoa."

"Sasa hii ilikuwa ya nne au ya tatu?" Bi Somoe akauliza.

Hakuna aliyejua.

"Tuanze upya," akasema. "Mkwe, udongo!"

Yarabi! Nikapakwa udongo mara ya pili. Na sikubisha, mimi ninayebisha hata bei ya kiberiti. Nilitaka lisiishe lile zoezi. Maji yakiwa usoni hakuna anayejua mtu analia au halii.

"Niliporudi," Bi Kidawa akaendelea, "nguruwe wamekula huku chini kote. Mpunga ni mpunga, nitalima mwingine. Mwanangu naye Mungu kampenda zaidi yangu. Lakini nilisimama hapa, nimetoka kuzika, nikaita. Nikaita mpaka watu wa Bi Somoe wakaja kunitazama. Hakuna kitu. Nikapanda juu, nikakaa, nikasema, basi Kidawa, hata mbwa amekukimbia. Kila nikilala nalala na neno hilo. Nasema yale madongoa ndiyo yaliyomuudhi."

"Hakukukimbia, mama," nikasema. "Alikuwa anakungoja. Pale pale ulipopandia gari. Ni mimi niliyemwondoa. Alikataa, nikamburuta. Nisamehe."

Akamimina mara mbili, na mkwe akahesabu kwa sauti ya chini sasa. Sita. Saba. Akanifuta uso kwa pembe ya khanga yake mwenyewe, kama mtoto anayetoka kisimani.

"Siku tatu alikaa?" akauliza.

"Mimi nilimwona siku tatu. Sijui kabla ya hapo."

"Alikuwa ananingoja," akasema, si kwangu, alimwambia Bi Somoe. Kisha akamwambia mkwe. Kisha Athumani naye akaambiwa, na Athumani akasema ndiyo bibi, nimesikia. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanashuka upande wa jicho lenye ukungu.

Nikatafuta daftari langu nijifiche nyuma yake. Limelowa. Nikasema mimi naondoka, mbwa ni wake, hakuna swali tena. Akanizuia.

"Yamebaki mangapi?"

"Mama, hayana maana."

"Uliza. Umetoka Kibiti kwa kazi, usirudi na kazi nusu."

Nikafungua. Lililokuwa linasomeka ni la mwisho tu. Sikutaka kulisoma. Nikalisoma kwa sababu alikuwa anasubiri.

"Ukisafiri, utamwachia nani?"

Akafikiri. Mbwa amelala juu ya miguu yake, macho amefumba. Nilijua jibu, na ninyi mnalijua. Mume hana, binti hana. Nikatamani ardhi ya Mahege inimeze na lesi yangu.

"Nimeacha mjukuu kule Maparoni," akasema. "Mpunga ukivunwa nataka nikamwone. Nitamwachia wewe."

"Mimi?"

"Wewe unawalisha vizuri, amenenepa huyu. Ila safari hii uje uniulize kwanza."

Bi Somoe akacheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Na mimi nikacheka, halafu nikalia waziwazi, maji yakiwa yameshakauka.

Nimerudi Kibiti kwa miguu, Athumani akiburuta baiskeli pembeni. Nimepita kwa bwana afya na tope langu. Nimeandikisha mbwa, Tumebaki, jike, na mwenyewe Bi Kidawa wa bondeni Mahege. Akaniuliza mbona nimekuwa hivyo. Nikamwambia andika tu, baba. Kesho hakuna wa kumgusa.

Sasa najua mnavyokaa hapo. Chekeni gauni, chekeni gagulo, baiskeli ya Athumani chekeni mpaka mchoke. Lakini mama yule ametoka kumzika binti yake, akalala miezi miwili juu ya dungu akiamini hata mbwa amemkataa, na aliyemfanyia hivyo ni mimi, kwa huruma yangu. Hapo, wenzangu, naomba mninyamazie.